Jiko Letu, Kutoka Mafiga Hadi Mtungi wa Gesi

Katika kijitabu hiki Katibu ameandika jinsi kikundi kilivyoundwa, na Mhazina ameweka hesabu za hisa na mikopo za miaka yote kumi. Hayo sisi hatutayarudia. Kamati ilituagiza tuandike historia, na tulipouliza historia ya nini, tukajibiwa ya kikundi. Lakini kikundi chetu hakikuanzia kwenye sanduku la kufuli tatu. Kilianzia jikoni. Na jiko, jamani, halijaandikiwa historia. Shuleni tulisoma habari za Vasco da Gama, tukasoma Karl Peters, tukasoma Vita vya Maji Maji, na hatukumbuki hata ukurasa mmoja uliosema watu wote hao walikula nini na nani aliwapikia.

Basi tumeonelea tuandike hiyo. Tunaandika zaidi ya huku kwetu Muheza maana ndiyo tunayoijua, na penye jambo la nchi nzima tutalisema. Ipo na sababu nyingine. Mwaka 2018 na 2019 kikundi hiki kilikaribia kuvunjika kwa ajili ya jiko. Wapo wanachama wapya waliosikia habari hiyo nusu nusu njiani. Ni vema waisome yote hapa.

Tuanze na neno lenyewe. Kijana akioa, watu husema fulani kapata jiko. Hawasemi kapata mwenzake wala kapata msaidizi, wanasema jiko. Lakini kijana huyohuyo akijenga nyumba, atakuhesabia vyumba vitatu na sebule, na jiko hutalisikia. Liko nyuma, limejengwa mwisho kwa miti iliyobaki na mabati yaliyotoka kwenye paa la zamani. Kitu kilichopewa jina la mke ndicho kilichojengwa kwa mabaki. Hatusemi hivi kwa ugomvi, tunasema kwa sababu ndivyo ilivyo, na kila mmoja akiinuka sasa hivi akaenda nyuma ya nyumba yake ataona.

Bibi zetu walipikia mafiga matatu. Ni mawe tu, lakini si jiwe lolote. Jiwe la mtoni likipata moto hupasuka, kwa hiyo mawe yalichaguliwa, na mwanamke akihama aliweza kuhama nayo. Chungu kiliinjikwa juu, kuni zikaingizwa kwenye nafasi tatu na kusukumwa ndani kadiri zinavyoungua. Moto haukuzimwa. Usiku ulifukiwa kwa majivu, alfajiri ukafukuliwa na kupulizwa. Aliyeamka akakuta wake umekufa alichukua kigae akaenda kupalia makaa kwa jirani, na hapo ndipo habari zilipopatikana: nani kajifungua, nani kaamkia homa, nani mumewe hakurudi jana. Wanaosema kinamama tunapenda umbea wajue kwamba umbea ule ndio uliokuwa gazeti la kijiji.

Juu ya mafiga palikuwa na dari ya fito. Mahindi ya mbegu yaliwekwa hapo na maganda yake, moshi ukayapaka masizi mpaka yakawa meusi, na mdudu hakuyagusa. Majivu yalihifadhia kunde na yalisugulia vyungu. Kwa hiyo tusiwacheke wazee, moshi ulikuwa na kazi yake. Tuliikumbuka kazi hiyo alipoingia dumuzi, yule mdudu aliyeonekana nchini mwishoni mwa miaka ya 1970 akianzia pande za Tabora, akatafuna mahindi ya ghalani mpaka yakabaki vumbi. Leo tunanunua dawa dukani kulinda mbegu ambazo bibi alizilinda bure.

Tumeandika bure, lakini haikuwa bure. Moshi ule uliingia machoni na kifuani. Nani kati yetu hamkumbuki bibi mwenye macho mekundu, anayefuta machozi kwa ncha ya khanga saa zote? Huku kwetu tulidhani ni uzee. Kule Kanda ya Ziwa, Shinyanga na Mwanza, vikongwe wameuawa kwa kudhaniwa ni wachawi, na alama mojawapo iliyosemwa ilikuwa macho mekundu. Mtu amepika miaka 60 akiwalisha watoto na wajukuu, halafu moshi wa chakula kile unakuwa ushahidi wa kumuua. Tungeweza kuandika kitabu kizima kwa jambo hilo moja.

Vyakula tunavyoviita vya asili vingine vina safari ndefu. Mahindi, muhogo, nyanya na pilipili asili yake ni Amerika, vilikuja kupitia Wareno. Mnazi, mpunga na ndizi vilitoka upande wa Asia. Hata bada letu, tunalojisifia mbele ya wageni, ni la unga wa muhogo uliovuka bahari. Vyombo navyo hivyo hivyo: meza ni neno la Kireno, sahani na sufuria yametoka kwa Waarabu, chapati kwa Wahindi. Jiko la mwanamke wa pwani lilikuwa limekwishapokea dunia nzima kabla mkoloni hajafika kutufundisha ustaarabu.

Mkoloni alipofika huku alileta mkonge. Mwaka 1893 Mjerumani aitwaye Richard Hindorf aliagiza miche 1,000 kutoka Florida, Marekani, na iliyofika hai ilikuwa 62 tu. Kutokana na hiyo 62 mashamba yakajaa. Reli ya kutoka Tanga ilifika Muheza mwaka 1896. Wakaja manamba kutoka mbali, na mashamba yakawapa posho, yaani unga wa mahindi wa kupimiwa. Kwa njia hiyo ugali wa sembe ulisogea mbele na bada likarudi nyuma. Kambi zilijengwa kwa hesabu ya wanaume wasio na wake, na jiko halikufikiriwa kwa sababu mpishi hakufikiriwa. Lakini mtu mzima anayekata mkonge kutwa hawezi kuishi kwa unga mkavu. Wanawake wakawapikia. Wakauza uji, vitumbua na tembo la mnazi pembeni mwa kambi. Hiyo ilikuwa biashara, ingawa hakuna aliyeiandika mahali.

Fedha kama hiyo ya jikoni ilifika mpaka kwenye uhuru. Bibi Titi Mohamed alipoanza kuwaita wanawake wa Dar es Salaam waingie TANU mwaka 1955, hakuanza na waliosoma, maana walikuwa wachache. Alikwenda kwenye vikundi vya ngoma na kwa wanawake waliokuwa wakipika na kuuza pombe. Hao walijua kukusanyika, walijua kuchangishana, na walikuwa na senti zao mkononi. Wanaotuambia leo kwamba kuweka na kukopa ni elimu mpya tuliyoletewa na miradi, wakumbuke upatu ni wa siku nyingi.

Baada ya uhuru mambo ya jiko yalibadilika kwa namna mbili, moja ya faida na moja ya shida, na zilikuja karibu pamoja. Mwaka 1973 ilikuwapo kampeni ya redio ya Mtu ni Afya, na mwaka 1975 ikafuata Chakula ni Uhai. Watu walikaa vikundi vikundi wakisikiliza redio moja, kisha wakajadili. Mama zetu walitoka huko wamejua mtoto hawezi kukua kwa uji mtupu, aongezewe karanga, maharage, mboga ya majani. Walikuwa wanazijua mboga hizo, mchunga na kisamvu wamevila tangu utoto, lakini kusikia redio ya Serikali inalitaja sufuria lako ni heshima nyingine.

Wakati huohuo ulikuwa wakati wa vijiji. Mwaka 1973 ilitangazwa kwamba ifikapo mwisho wa 1976 watu wote wa vijijini wawe wamehamia katika vijiji. Wengi wetu tulikuwa watoto wadogo mgongoni au tumeshikwa mkono. Faida zilikuwapo, shule tuliyosoma sisi ilitokana na hayo, na zahanati, na bomba. Lakini mwanamke aliyekuwa na miti yake nyuma ya nyumba sasa alikuwa na majirani mia wanaotafuta kuni upande uleule. Mwaka wa kwanza kuni zilikuwa karibu. Mwaka wa tano zilikuwa kilimani. Huu ndio mwanzo wa safari za kuni za nusu siku ambazo binti zetu waliozikuta wanadhani zimekuwapo tangu Adamu.

Katika miaka hiyo kilikuja pia kitu ambacho sisi tunakipa namba moja: mashine ya kusaga. Wapo watakaosema bomba, wapo watakaosema umeme. Sisi tunasema mashine. Aliyewahi kutwanga mahindi ya watu wanane kwenye kinu saa kumi usiku, akapepeta, akaloweka, akaanika, akatwanga tena, huyo hatabishana nasi.

Miaka ya 1980 hatuna haja ya kuieleza sana kwa walioiona. Baada ya vita vya Kagera maduka yalikuwa meupe. Sukari, sabuni, mafuta ya kula, hata kiberiti, vyote vya foleni. Tulirudia kupalia moto kwa jirani kama bibi zetu. Nazi ilituokoa watu wa Tanga, maana tui lilifanya kazi ya mafuta, na makumbi na vifuu vilifanya kazi ya kuni. Tulikula ugali wa mahindi ya njano ya msaada, ambao watu kwa utani waliuita wa Yanga, na wapenzi wa Simba walikula vilevile, njaa haina timu. Na tuseme ukweli ambao haukusemwa wakati ule. Foleni ya sukari ilikuwa ya wanawake na watoto. Aliyegawa kilo moja ya sukari kwa nyumba ya watu kumi mpaka mwezi ukaisha hakuwa waziri wala mkurugenzi, alikuwa mama na kijiko chake.

Mwaka 1983 ikaja sheria ya Nguvu Kazi. Mijini watu wasio na kazi inayotambulika walikamatwa warudishwe mashambani, na mama ntilie wakawa wanasumbuliwa pamoja na wengine. Jina lenyewe la mama ntilie lilitoka kwa wateja waliokuwa wakisema mama, nitilie. Mtu anamlisha kuli, fundi na karani kwa bei wanayoiweza, halafu anaambiwa hana kazi! Jikoni kwako unapika huambiwi unafanya kazi, na ukilitoa jiko mpaka barabarani bado huambiwi unafanya kazi.

Kilichobadilisha mawazo ya wengi huku kwetu ni kuanguka kwa mkonge. Mwaka 1964 Tanganyika ilitoa zaidi ya tani 200,000 za mkonge, ikiongoza dunia. Nyuzi za viwandani zikaja, bei ikashuka, mashamba yakachoka, na mwanzoni mwa miaka ya 1990 nchi nzima haikufikisha hata tani 40,000 kwa mwaka. Kwa takwimu ni mstari mmoja. Kwa nyumba zetu ilikuwa baba aliyetoka asubuhi miaka 20 sasa amekaa barazani. Hatuwalaumu, kazi ilikwisha, na mtu aliyezoea kuleta mshahara akikosa kuuleta huumia ndani hata kama hasemi. Lakini watoto walitakiwa kula na kwenda shule, na uchangiaji wa huduma ulikuwa umeanza. Ndipo vitumbua vilipolipa ada. Maandazi yakanunua daftari. Kalimati, bagia, mihogo ya kukaanga, chai ya stendi, chungwa la kumenya. Jiko lililojengwa kwa mabaki likawa ndilo linalolisha sebule.

Kwa kuwa tulikuwa tunapika kwa kuuza, kuni hazikutosha, tukaingia kwenye mkaa. Hapa tunataka wasomaji watusikilize vizuri. Mkaa unaonekana safi kuliko kuni, moshi wake ni mdogo, na unapikia hata ndani. Lakini katika tanuri la udongo la kienyeji, kuni kilo 100 hutoa mkaa wa kilo 10 mpaka 20 tu. Iliyobaki imekwenda hewani. Na mkaa ukipikia ndani umefunga dirisha unaua bila kutoa harufu. Miaka ya 1980 Kenya walitengeneza jiko la mkaa lenye udongo wa kuchomwa ndani, na kwetu yakaja ya aina hiyo kwa jina la jiko bora. Hilo lilikuwa jambo jema kweli. Jiko la bati tupu hupoteza moto pembeni, lile la udongo huutunza, na mkaa wa kupikia mara mbili ukapikia mara tatu. Tatizo lilikuwa udongo kupasuka ukimwagiwa maji. Tulijifunza kutolizima kwa maji.

Waliokuwa na uwezo kidogo walinunua jiko la mchina, la tambi na mafuta ya taa. Lilipendwa na watumishi na wapangaji wa chumba kimoja kwa chai ya asubuhi. Mwaka 2011 Serikali iliongeza kodi ya mafuta ya taa ili wafanyabiashara waache kuyachanganya na dizeli, ule uliokuwa ukiitwa uchakachuaji. Sababu ilikuwa nzuri. Ila mchakachuaji alikuwa na lori, na sisi tulikuwa na jiko la tambi kumi, na kodi ilitupata sote sawasawa. Majiko ya mchina yakawekwa uvunguni, na wengi tukarudi kwenye mkaa. Hakuna aliyekuja kutuuliza tumerudi wapi.

Sasa tuje kwenye kikundi. Sanduku, hisa, kufuli tatu na funguo kushikwa na watu watatu ni mtindo ulioanza Niger mwaka 1991 kwa kinamama wa Maradi chini ya shirika la CARE, halafu ukasambaa Afrika. Kabla ya hapo sisi tulikuwa na upatu wa vyombo: wiki hii sufuria kwa huyu, wiki ijayo kwa yule, na mkutano ulifanyika jikoni kwa mwenye zamu huku chakula kikiiva. Mwaka 2015 tuligeuza upatu huo kuwa kikundi. Tuliandika katiba kwa msaada wa afisa maendeleo ya jamii. Katiba ikasema mkopo utatolewa kwa biashara, kilimo, ada ya shule na matibabu. Tuliisoma mara tatu, tukaipigia makofi.

Mwaka 2018 mwanachama mmoja aliomba mkopo wa mtungi mdogo wa gesi wa kilo 6 na jiko lake. Kamati ikakataa. Ikaandika kwenye daftari: ni matumizi, si maendeleo. Siku hiyohiyo mwanachama mwingine alipewa mkopo wa kumnunulia mwanawe tairi na betri ya bodaboda, kwa kuwa bodaboda ni biashara. Hapo ndipo fujo ilipoanza, kwanza kwa kunong'ona, kisha mchana kweupe.

Upande wa waliokataa haukuwa wa wajinga. Mkubwa wao alikuwa mama mtu mzima tunayemheshimu wote, muuza machungwa tangu enzi za foleni, na hoja yake ilikuwa hii: fedha ya sanduku ni ya kuzaa, jiko halizai, jiko linakula. Akasema gesi ikiisha itamrudisha mtu kwetu kukopa ya kujaza, kisha ya kujaza tena, na sanduku litakuwa la kununulia chai. Alikuwa na haki ya kusema hivyo. Vikundi kadhaa wilayani vimekufa kwa mikopo ya harusi na makochi.

Machi 2019, mvua za masika zinaanza, mwenzetu mmoja aliteleza na mzigo wa kuni kilimani akavunjika nyonga. Hatutamtaja, yupo, na atasoma hapa akicheka. Kabla ya hapo alikuwa na mkopo wetu wa vitumbua. Mfuko wa jamii ulitoa fedha za hospitali, kama katiba inavyosema. Vitumbua vikasimama miezi mitano, na marejesho yakasimama. Binti yake wa darasa la sita akawa anapika na kuchota maji kabla ya kwenda shule, na siku nyingine hakwenda.

Mkutano uliofuata, mwanachama ambaye kwa kawaida hasemi kitu alisimama na kuuliza swali moja. Alisema: "Tumetoa fedha ya kumtibu kwa sababu ya kuni. Kumbe fedha ya kuni tunayo. Kwa nini tunaitoa mtu akishaanguka, kabla hajaanguka hatuitoi?"

Watu walinyamaza. Mhazina wa wakati ule akasema sawa, tuhesabu. Akachukua kalamu, kila mmoja akataja anachotumia. Mwenzetu wa mama ntilie alikuwa ananunua mkaa wa shilingi 2,000 kila siku ya kazi, siku 26, yaani shilingi 52,000 kwa mwezi. Alikuwa hajawahi kuijumlisha, kwa sababu alikuwa akiilipa kwa makopo. Waliokuwa wakienda kilimani walisema hawatumii kitu. Mhazina akawauliza, unaondoka saa ngapi, unarudi saa ngapi? Saa kumi na mbili mpaka saa sita, mara mbili kwa wiki. Na siku unayokwenda sokoni kuuza unapata kiasi gani? Wakataja. Akazidisha. Hapo hata yule mama wa machungwa alivua miwani akaitazama ile karatasi kwa karibu.

Tulipiga kura ya siri kwa punje za mahindi na maharage. Mahindi ya kukubali yalikuwa 17, maharage ya kukataa 13. Katiba ikaongezwa kifungu: mkopo wa jiko utatolewa, urejeshwe kwa miezi sita, na anayeuomba aonyeshe kwanza amerejesha mkopo wake wa nyuma. Wanachama watatu walijitoa mwezi ule. Wawili wamerudi. Mama wa machungwa hakujitoa. Alisema amepigwa kwa kura, hakupigwa kwa hoja, na atasubiri.

Na tuseme haki, aliyoyasema yalitokea, japo si kwa wote. Wenye biashara ya kupika walirejesha kabla ya miezi sita, maana fedha waliyokuwa wakiilipa kwa makopo sasa waliilipa kwenye sanduku. Wengine gesi ilipoisha ilibidi wachague kati ya kujaza na kununua unga, na kila mtu anajua kinachochaguliwa. Mtungi ukakaa pembeni umevishwa kitambaa kilichodariziwa, na mgeni akija anaona nyumba ina gesi. Nyuma mafiga yanawaka. Maharage na makande karibu wote bado tunayapikia kuni, kwa sababu maharage ya saa tatu yatakula mtungi mdogo hadi wiki mbili hazifiki. Tusidanganyane kwenye sherehe.

Jambo hili siku hizi si letu peke yetu. Shirika la Afya Duniani lilikadiria kwamba moshi wa majumbani ulisababisha vifo milioni 3.2 duniani mwaka 2020. Mwezi Mei 2024 Serikali ilizindua Mkakati wa Taifa wa Nishati Safi ya Kupikia, wenye lengo la kufikia asilimia 80 ya Watanzania ifikapo 2034, na mwezi huohuo Rais Samia Suluhu Hassan alikuwa mmoja wa wenyeviti wa mkutano wa jambo hilo kule Paris. Tulipoisikia redioni tulikuwa tunamenya muhogo. Tulitazamana tu. Jiko, lililokuwa halina hata mstari kwenye kitabu cha historia, limeitishiwa mkutano Ulaya na marais wakahudhuria! Tunafurahi, na tunaomba wanaopanga mipango hiyo wakumbuke kwamba kugawa mtungi ni siku moja, na kujaza ni kila mwezi. Mtungi wa bure tumeuona. Gesi ya kununua kidogo kidogo kama tunavyonunua mkaa kwa kopo, hiyo bado haijafika huku kwetu, na ndiyo tunayoihitaji.

Wakati tunangoja, mwaka jana tulianza akiba ya gesi. Kila mwanachama mwenye mtungi anaweka shilingi 1,000 kila mkutano wa wiki, inaandikwa kwenye kurasa za nyuma za daftari lake, mbali na hisa, na haikopeshwi. Gesi ikimwishia anachukua yake, na kama haijatimia kikundi humwongezea bila riba, anarudisha ndani ya mwezi. Aliyeleta wazo hilo ni mama wa machungwa. Alisema alikuwa akilifikiria tangu siku ya kura.

Lipo suala moja ambalo litaletwa kwenye mkutano mkuu wa mwaka huu na tunaomba mlifikirie kabla ya kuja. Baadhi ya wanachama wachanga wanapendekeza mkopo wa jiko usitolewe kwa mtungi tu, utolewe pia kwa kujenga jiko lenyewe: kuta, dirisha mbili, meza ya kupikia ya kusimama badala ya kuinama, na bomba la moshi kwa wanaoendelea na kuni. Huo ni mkopo mkubwa na utahitaji zaidi ya miezi sita. Pia kuna swali gumu, kwamba nyumba na kiwanja mara nyingi ni jina la mume, na mkopo utakuwa jina la mke. Ndoa ikivunjika, jiko litabaki na nani? Tumemwomba afisa maendeleo aje atueleze upande wa sheria. Kina baba mnaosoma kijitabu hiki nanyi karibuni siku hiyo, viti vitakuwapo.

Kuhusu chakula cha siku ya sherehe, kamati ya mapishi imehesabu wageni zaidi ya 150. Mwaka 2023 Serikali ilizielekeza taasisi zinazolisha watu zaidi ya 100 ziache kuni na mkaa ifikapo mwisho wa Januari 2024. Sisi si taasisi, lakini tulijitahidi kutafuta majiko makubwa ya gesi ya kukodi na tumepata mawili, yatapikia wali na nyama. Maharage yatapikwa uani kwa kuni za michungwa iliyozeeka iliyokatwa msimu huu, na yataanza kuchemshwa saa kumi usiku. Watakaoweza kuja kusaidia wakati huo waje na visu vyao na mbuzi za kukunia nazi, maana tulizonazo ni nne tu.